Ufa katika Meza ya Bi Ghaliya

Rahila binti Khalil ana karakana na ghala la mbao Hamriya, mtaa wa Maskati, na ukitaka kumfurahisha usimsifie nguo wala mapishi. Muulize ubao umetoka wapi. Hapo atakuvutia kiti, akuonyeshe kichwa cha ubao, pale pete za mwaka zinapoonekana, azihesabu kwa ukucha moja baada ya moja, na wewe uliyekuja kununua rafu ya viatu utafika nyumbani umechelewa, lakini msitu wa Ulaya unaujua.

Maarifa hayo hakuyaokota njiani. Marehemu baba yake, fundi aliyezaliwa Unguja, alimpeleka Ujerumani mwaka mmoja na nusu akasomee mbao, na jamaa wakauliza mtoto wa kike na msumeno wapi na wapi. Huko alitembea msituni na mama mmoja msimamizi wa miti, mkali, wa maneno machache. Mama huyo akamwonyesha mche uliomfika kiunoni. Ulikuwa mche wa zaan, ule mti wa mbao nyeupe yenye wekundu wa mbali iliyojaa madukani Maskati. Rahila alikisia una miaka mitatu. Kumbe una thelathini.

Zaan huota kivulini, chini ya mti mama, wala hauna haraka. Pete zake huwa nyembamba kama unywele, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku upepo uangushe mti mkubwa na jua lifike chini. Ndipo pete hunenepa na mti ukapaa. Mwaloni hauna subira hiyo. Kokwa zake hufukiwa na ndege anayejiwekea akiba ya siku za baridi, nyingine akazisahau, zikaota. Lakini mche wake ukikosa jua hufa. Kwa hiyo msitu ukiachwa wenyewe, zaan huuzonga mwaloni polepole mpaka uumalize. Ila miaka hii ya joto na ukame mambo yameanza kugeuka: zaan hupukutisha majani kabla ya wakati, na mwaloni, wenye mizizi ya kina, husimama. Wauzaji wa huko humwandikia Rahila habari hizo pamoja na bei, naye husoma habari kwanza.

Basi kwa kujua kwake alikuwa na kiburi kidogo, na tusimfichie. Alizoea kusema mbele za watu kwamba ubao uliopita mkononi mwake haumgeuki.

Mwezi wa Shaabani, Bi Ghaliya wa Al Amerat, ng'ambo ya milima ya Maskati, bibi wa miaka sabini, alimwagiza meza ya watu kumi na wawili. Rahila alimshauri achukue mwaloni, maana zaan hufura sana ukipata unyevu, na unyevu Maskati si mgeni. Bi Ghaliya akasema anataka meza nyeupe, na iwe tayari kwa Iddi. Ikawa tayari kwa Iddi, ikasifiwa na kila aliyekula pilau juu yake.

Kisha likaja joto. Familia nzima ikafunga nyumba, ikaenda Unguja miezi miwili, na kama wafanyavyo wengi wetu tukisafiri, wakazima viyoyozi vyote. Resty, binti wa Kiganda anayefanya kazi pale nyumbani, alipelekwa mtaa wa Mawaleh kwa mtoto wa Bi Ghaliya ambaye hakusafiri. Waliporudi waliwasha kila kiyoyozi kwa pamoja, na haikupita wiki mbili meza ikapasuka katikati, ufa wa kupitisha kidole.

Rahila aliitwa. Njia nzima ya kuvuka milima alikuwa akijiuliza atasema nini, lakini alipofika Bi Ghaliya alimtuliza mwenyewe. Asiwe na wasiwasi, mkosaji kajulikana: ni Resty, kila siku kuipangusa meza kwa kitambaa cha maji. Ofisi ya wafanyakazi iliyomleta kutoka kwao imeshapigiwa simu, na mtu wao atakuja kumchukua baada ya laasiri. Begi la Resty lilikuwa limesimama mlangoni kwa jiko, na mwenyewe kasimama kando yake, macho chini. Rahila alitakiwa mambo mawili tu: aitengeneze meza, na mtu wa ofisi akiuliza, aseme ni maji.

Ukweli usemwe: la kwanza aliloliona Rahila moyoni ni faraja. Jina lake lingebaki safi katika kila arusi ya Maskati.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama, akaingia chini ya meza, na huko akayaona. Skurubu sita kila upande, zimekazwa ndani ya matundu ya duara, hakuna hata upenyo. Zaan hutobolewa matundu marefu, ili ubao upate pa kutanukia. Alifundishwa hivyo mpaka akaota usiku. Baba yake, aliyefanya kazi na mbao za msaji, zisizofura wala kunywea sana, ndiye aliyekuwa akikaza namna hii, na katika haraka ya Iddi mikono ya Rahila ilifuata ya baba. Mganga hajigangi.

Alikaa mvunguni zaidi ya ilivyohitajika. Juu, Bi Ghaliya alikuwa akiuliza kama ameiona alama ya maji. Akatoka, akasimama mbele yake.

“Bi Ghaliya, maji hayamo. Kosa langu mimi. Mbao hii huachiwa nafasi, na mimi nimeibana. Mulipozima AC imefura, mulipowasha imenywea, haina pa kwendea, ikapasuka.”

“Wewe? Na masomo yako yote?”

“Na masomo yangu yote. Nnakutengenezea nyengine, na hii nnaichukua.”

Bi Ghaliya akamgeukia Resty, akamuuliza mbona hakujitetea.

“Nilisema, mama,” Resty akajibu taratibu. “Nilisema mara tatu kwamba natumia kitambaa kikavu.”

Bi Ghaliya akachukua simu, akamwambia mtu wa ofisi kwa Kiarabu asije, binti ameonewa na aliyemwonea ni yeye mwenyewe. Rahila alifarijika, hata kama meza imemtia hasara. Kisha bibi yule akaliendea begi akalinyanyua. Resty alipokimbilia kumpokea, aliusukuma mkono wake.

“Nimekuonea, mwanangu. Niwache nilibebe.”

Chumba cha Resty kiko juu darini. Rahila na Resty wakabaki chini wakimtazama bibi akipanda ngazi moja moja kwa magoti yake mabovu, na begi hakulitua mpaka alipofika.