Lori Lililolala Limeangalia Mlima

Harufu ya dizeli ikichanganyika na majani mabichi ya mgomba hunirudisha Nkoaranga, nyumbani kwa baba, msimu ule lori lake la ndizi lilipogoma. Asubuhi ya soko baba alipiga stata mpaka betri ikachoka; lori likakohoa moshi mweupe, likanyamaza. Vijana wa jirani wakaja kulisukuma huku wakimtania, "Mzee, leo tena? Basi tupikiwe uji kabisa." Likishawaka, lilikwenda Arusha na kurudi bila shida. Likilala, asubuhi gogo.

Fundi akaja, akasema pampu ya dizeli imekufa. Pampu mpya ilikuwa na maana moja tu: kumuuza ng'ombe wa mama, yule aliyetunywesha maziwa watoto wote wa nyumba ile. Mama hakupandisha sauti. "Baba Elipendo, ukimpeleka ng'ombe wangu mnadani, hiyo pampu utaikamua wewe."

Elipendo ndiye mimi. Kazi yangu kwenye lori ilikuwa kuweka jiwe kwenye tairi lisiserereke, na mweka jiwe lazima ajue gari linaelekea wapi. Baba alikuwa na sheria yake: nyumbani kwake gari haliupi mlima mgongo. Kwa hiyo hapo lililala pua juu, linautazama Meru, na jiwe niliweka nyuma. Lakini kila tulipolala Kijenge, pale Arusha mjini, kwa shangazi, ambaye ua wake unateremka, lilisimama pua chini, jiwe nikaweka mbele, na asubuhi likawaka kwa mguso mmoja. Nikamwambia baba lori halipendi kuangalia mlima. Akacheka mpaka akakohoa. "Labda ni la Kichaga, linatafuta Kilimanjaro."

Mama hakucheka. "Ligeuze usiku huu mmoja. Mlima hautakununia."

Baba aliligeuza, amenuna yeye. Asubuhi liliwaka kabla vijana hawajafika. Alilizima, akaingia chini, akaupapasa mpira unaoleta dizeli kutoka kwenye tenki. Karibu na klipu inayoubana palikuwa na ufa mwembamba, umelowa. Fundi alipoitwa tena alielewa pale pale: lori likitazama juu, injini inakuwa juu ya tenki, upepo unaingia kwenye ufa, dizeli inarudi tenkini usiku kucha, asubuhi pampu inavuta upepo mtupu. "Pampu nimeisingizia," akasema. Akafunga mpira mpya na klipu mpya, akatoa upepo. Jioni ile baba akalirudisha pua juu, kwa makusudi. Kulipokucha tulisimama uani wote, mama ameshika ndoo ya kukamulia. Baba akagusa stata mara moja, likanguruma mpaka kuku wakaruka ukuta. Mama akageuka, akaenda kukamua ng'ombe wake.

Shule niliishia darasa la nne, na leo nina malori yangu mwenyewe. Vijana wangu wana mashine ya kusoma injini. Nzuri sana, nimeinunua mimi. Ila wakinipigia simu asubuhi, "Shikamoo bibi, limekataa kuwaka," swali langu la kwanza ni limelala limeangalia wapi. Yadi yangu nimeimwagia zege, tambarare yote, isipokuwa kona moja niliyoiacha na mwinuko wake, unaoelekea Meru. Lori likitoka kwa fundi hulala pale kwanza, pua juu. Likiwaka asubuhi, ndipo linapewa mzigo.