Ngoma Isiyopashwa Moto

Wajukuu zangu wakikaa barazani na redio yao, huniuliza, bibi, zile ngoma za kwenu zilikwenda wapi? Nawajibu zilikufa. Zilikufaje? Basi tena, zilikufa, niacheni nipumzike. Yule mkubwa aliyesoma husema wakati ulibadilika. Haya, ulibadilika. Lakini mie huo wakati sikuuona ukipita Temeke kwa miguu yake ukitoboa ngoma za watu. Niliyemwona ni baba yangu, na nilijiona mie mwenyewe.

Baba alikuwa fundi wa kuwamba ngoma. Siku hizo za Mwingereza Temeke ilikuwa minazi, mihogo na nyumba za udongo, na hapakuwa na chama cha beni, ile ngoma ya sare na gwaride, upande wetu kilichocheza bila mkono wake. Alichonga gogo la mfenesi, akaloweka ngozi, akaikwangua manyoya kwa majivu, akaivuta mdomoni mwa gogo na kuikaza kwa vigingi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa moto. Kila mara kabla ya mchezo aliwasha makuti makavu, akaikalisha ngoma mbele ya moto, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akaisogeza, akaigonga tena. Ngoma haikupigwa mpaka yeye aseme imeamka. Watu waliokwisha kupanga mistari na sare zao walisimama wanangoja, hata wakubwa wa chama, na baba hakuwa na haraka na mtu.

Halafu vyama vikaanza kupungua. Wanaume waliokuwa wakicheza walipata vibarua bandarini, na mtu aliyebeba magunia Kurasini wiki nzima, Jumapili anataka kulala. Vijana nao walinunua viatu vya ngozi na suruali pana, wakawa wanakwenda mjini kwenye dansi. Baba aliwaona wakipita mbele ya nyumba, akasema, "Watarudi hao." Hawakurudi. Ikafika mahali fundi mzima, aliyekuwa akifuatwa mpaka kutoka Mbagala, anaitwa na majirani kusuka kamba za vitanda. Alikuwa akienda na kofia yake safi, anasuka kitanda cha watu, anarudi, hataki chakula. Iliniuma, sikufichi. Iliniuma kuliko kuachika kwangu.

Maana mie nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa baba, mama alikwisha kufariki. Asubuhi nakaanga vitumbua, mchana nimechoka, jioni nimechoka zaidi. Na Jumapili, Mungu anisamehe, nilikuwa nakwenda dansi. Baba nilimwambia nakwenda kumtazama shangazi Kariakoo. Ni kweli nilipita kwa shangazi, nikabadilisha nguo hapo, nikatoka na shoga yangu mmoja mpaka kwenye ule ukumbi mpya wa serikali. Sakafu ilipakwa nta mpaka unajiona. Kwa baba yangu, mwanamke kushikwa kiuno na mwanamume asiye wake hadharani, tena mwanamke aliyeachika, ah, hilo lisingesemeka nyumbani kwetu. Basi sikulisema.

Jirani yetu alikuwa Muhindi wa jamii ya Khoja, mwenye duka lililoezekwa bati. Huyo simsemi kwa ubaya. Beni ilipokuwa na nguvu aliuza kitambaa cha sare na vifungo vya kung'aa. Beni ilipolegea, vifungo vikatoka rafuni, zikaingia sindano za gramafoni na poda za kina mama. Watu walidhani ana dawa ya biashara. Hakuwa na dawa yoyote, masikini. Alikuwa na binti wawili waliokuwa wakienda mjini, wakirudi wanamweleza waliyoyaona, huku wanamenya vitunguu hapo hapo nyuma ya kaunta: baba, siku hizi wanataka hiki, kile hawakitaki tena. Naye anasikiliza. Hayo nilikuwa nayasikia kila nikienda kununua sukari.

Siku moja, masika yameanza, alikuja mtu na baiskeli, amefunga dramu kubwa nyuma, amevaa tai. Alikuwa kiongozi wa bendi moja ya mjini. Nilimtambua mara moja, nikajifunika kanga mpaka puani nikaingia ndani. Akamwamkia baba, "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu." Akaeleza kwamba dramu lao hilo limepasuka ngozi, na ngozi nyingine mpaka ije na meli kutoka Ulaya. Ameambiwa Temeke yuko fundi. Je, mzee anaweza? Likikaa vizuri, wana mengine matatu, na bendi za wenzake nazo zina shida hiyo hiyo.

Baba alijifanya kufikiri. Mie nilikuwa nyuma ya mlango nikaona kidole chake kimekwisha kuugonga ukingo wa lile dramu. Akasema, "Liache. Jumapili utalikuta limesimama."

Mgeni alipoondoka, baba aliniita. Alikuwa amelipakata lile dramu, analigeuza geuza. Akaniuliza, taratibu tu, "Mwanangu, huko ukumbini kwao, ngoma wanapashia wapi moto?"

Nilijua. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu tangazo mlangoni, moto marufuku, na bawabu alikuwa akiwatoa nje hata wenye sigara, kwa ajili ya ile sakafu yake. Ningesema maneno manne tu. Baba angechukua ngozi ya mbuzi, nyembamba, akaikausha na kuikaza ikiwa kavu kabisa, kama alivyokuwa akifanya kwa vigoma vidogo vya watoto, visivyotaka moto mwingi. Aliijua kazi hiyo vizuri sana. Lakini ningejuaje mambo ya ukumbini, mie ninayekwenda kwa shangazi?

Nikamjibu, "Nitajulia wapi mie, baba?"

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya."

Akawamba ngozi ya ng'ombe. Alitaka ngurumo, alitaka mjini wasikie kazi ya Temeke. Siku nne hakuitikia mwito wa kitanda cha mtu. Jumamosi jua lilitoka kidogo, akalianika, akaligonga, na wallahi lile dramu lilinguruma mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mama azikwe.

Jumapili baada ya adhuhuri tulikwenda pamoja, yeye na dramu na mzigo wa makuti makavu aliyoyafunga kwa gunia yasilowe. Mie nilimfuata kwa sababu sikuweza kubaki nyumbani. Njiani ikatupiga mvua ya rasharasha, si kubwa, ile ya kuudhi tu. Tulipofika ngozi ilikwisha kunywa maji. Kiongozi wa bendi akaligonga, likatoa sauti ya kinu. Watu wameanza kuingia, wamevaa, wamependeza. Baba akasema, "Ngoja niliamshe," akaanza kufungua gunia pale pale barazani.

Yule kijana wa tai alishtuka. "Mzee, hapa hawataki moto!"

"Moto mdogo tu, mwanangu."

Baba akazunguka nyuma, uani, akapiga kiberiti kwenye matone ya mvua. Kiberiti cha tatu kilishika. Makuti yakatoa moshi, moshi ukaingia madirishani, na bawabu akaja mbio, akaukanyaga moto kwa buti. "Mzee, we vipi? Hapa si shamba!" Baba alikuwa amechuchumaa bado, ameshika kuti moja lililokuwa linafuka. Mie nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake, nimejifunika ushungi mpaka machoni, nikiomba bawabu asinitambue. Ndiyo, hicho ndicho nilichokuwa nikiomba wakati ule. Si kingine.

Bendi ilipiga bila dramu kubwa na watu wakacheza vile vile. Kiongozi alikuwa muungwana, alimpa baba mkono, akamwambia tutaonana. Ngozi ya Ulaya ilipokuja ilikuwa ya kukazwa kwa skrubu. Bendi nyingine hazikuja Temeke, zingekuja kufanya nini? Baba alirudi kwenye vitanda. Vigingi vyake alivitia jikoni kimoja kimoja, nikavipikia. Mie dansi niliiacha, hamu ilinitoka tu, sikutubu wala nini.

Nilikaa na jambo lile mwaka na zaidi. Kila akikohoa nasema leo nitamwambia, halafu nasema kesho. Mpaka alipougua, siku moja asubuhi namlisha uji, kijiko hakijafika mdomoni, nikaangua kilio. Nikamweleza yote. Kwamba sikuwa nikienda kwa shangazi. Kwamba tangazo la moto nililijua. Nilisema baba nipige, nitukane, nifanye lolote.

Alingoja nimalize. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Ya dansi nilikuwa nayajua," akasema. "Ulikuwa ukirudi na nta kwenye visigino. Unadhani kwa nini nilikuuliza wewe?"

Akafumba macho, akasema uji umepoa, nikaupashe.