Kiu ya Mlimau wa Venera

Kwa miaka arobaini Venera Cannata alipiga pasi majoho ya mahakimu wa Siracusa, na hakuna hakimu aliyethubutu kumwambia kwamba kola haijanyooka. Mwanamke mwenye ulimi mkali yule. Na kiangazi kile, akiwa na miaka sabini na miwili, ulimi wote uliishia kwenye mlimau.

Nyumba ilikuwa ile ile alimozaliwa, pale Ortigia, mtaa wa kale wa mji huo: vyumba vya mawe vyenye dari za juu, vinavyozunguka ua wenye kisima, asumini, na mlimau uliopandwa na baba yake. Nusu ya nyumba ilikuwa ya kaka yake. Alipofariki ikaangukia kwa mwanawe Saverio, mtu wa Milano siku hizi, ambaye alitaka mti ukatwe ili uani ziwekwe meza za wageni.

"Shangazi, mwaka wa tatu huu hauzai. Unasubiri nini?"

Wakabishana mpaka sauti zikawakauka, hatimaye wakapatana. Ukichanua kabla ya tarehe nane Septemba, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, unabaki. Usipochanua, shoka.

Venera hakubabaika. Mlimau mkaidi hunyimwa maji tangu Juni hadi majani yajikunje kwa kiu, kisha hunyweshwa kwa mkupuo, nao kwa hofu ya kufa hutoa maua. Kila mtu pale mjini anajua hilo. Hata hivyo akawaita uani majirani waliopanga vyumba akawaonya: "Tone moja tu, mtanitambua!"

Wiki ya tatu akakuta udongo umelowa chapachapa.

"Ignazio!" aliita kuelekea ghorofani. Kinyozi mstaafu akachungulia, tayari ana sura ya mwizi.

"Kikombe kimoja tu, Bi Venera. Kila nilipofungua dirisha, mti ulikuwa unanitazama."

"Mti unakutazama? Una macho huo?"

"Wewe una roho ya chuma. Sisi wengine tuna damu."

Siku mbili baadaye alikuwa Rosalba, mwalimu wa chumba cha mkabala, aliyemwaga maji yaliyochemshiwa tambi. Eti aliyapoza kwanza.

"Maji ya chumvi, Rosalba! Unataka kuuokoa au kuupika?"

Tangu hapo Venera alihamishia kiti uani. Alimenya maharage pale, akala pale, akagombana na kila aliyepita na glasi mkononi. Alichoka kweli kweli. Watu wazima, wenye akili zao, wanaojua desturi tangu utotoni, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuvumilia! Yeye mwenyewe hakuutazama mti usoni. Aliupa mgongo, na hakumweleza mtu kwa nini.

Mwisho wa Julai majani yakajikunja. Zikabaki siku tatu tu kabla ya siku ya kuunywesha. Alhamisi Saverio akaja na fundi wa kupima sakafu ya meza, na Venera, kwa kuona mwenye nyumba mwenzake yupo, akatoka mara moja kununua mkate.

Aliporudi, fundi alikuwa ameegemea ukuta, kazi imesimama. Saverio alikuwa chini ya mlimau, suruali ya kitani imejaa matope, mpira wa maji mkononi, pampu ya kisima inakoroma.

"Shangazi, ulikuwa unakufa!"

Mkate ukamponyoka. "Wewe? Wewe uliyekuja kuukata?"

"Kuukata ni jambo jingine! Babu alinibeba begani nikachuma limau hapa. Niuone unakufa kwa kiu, na mimi nimesimama tu?"

"Siku tatu, Saverio! Siku tatu tu! Laiti ningekufunga kisimani!" Akakaa kwenye kile kiti akalia kwa hasira, mbele ya fundi na wote.

Saverio akarudi Milano, na kuanzia hapo simu haikupumzika. Kila asubuhi, kabla Venera hajanywa kahawa: "Umechanua?" Alichoshwa naye kuliko alivyochoshwa na majirani wote.

Tarehe nne Septemba alifungua mlango wa uani, harufu ikamgonga kabla hajaona kitu. Tawi zima la chini lilikuwa limechanua. Ignazio alishasimama dirishani na vazi la kulalia, anajipangusa macho. Simu ikaita.

"Vipi, shangazi? Umechanua?"

Venera alitaka kumtukana. Akavuta ile harufu kwanza.

"Njoo uone mwenyewe," alisema. "Na fundi wako umwache huko huko."