Mtetemo wa Gari la Wajawazito

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Kakuma ambayo nikiikumbuka, hata chai hunishinda kumeza. Utanisamehe nikipandisha sauti. Nimeishi Kanamkemer, hapa Lodwar, miaka mingi, majirani wananijua kwa upole, lakini jambo hili halijanitoka kifuani.

Nachuro, binti wa kaka yangu, alikuwa dereva wa zahanati ya kina mama kule Kakuma. Walipewa gari la umeme, linachajiwa kwa sola, kazi yake kuwachukua wajawazito kutoka makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei. Baada ya miezi kadhaa likaanza kutetemeka kila akikanyaga mafuta. Nasema mafuta kwa mazoea tu, maana halina hata tone. Akamweleza mkuu wa zahanati. Gari likapelekwa Lodwar kwa fundi anayeitwa Ekidor, akabalansi tairi, akafuta onyo kwenye dashibodi, akalirudisha. Likatetemeka. Likapelekwa tena, akabadilisha tairi za mbele. Likatetemeka zaidi. Safari hiyo Ekidor akamwambia mkuu kwamba tatizo ni dereva, msichana anakanyaga kwa nguvu. Mkuu akamwonya Nachuro kuwa akilalamika tena atatafutiwa mtu mwingine.

Basi akanyamaza. Na siku moja akatumwa kumchukua Nyandeng, mama wa Sudan Kusini, uchungu umeshika. Katikati ya njia gari likaanza kurukaruka sakafuni kama linataka kukatika. Akipunguza linatulia, akiongeza linaruka. Akalazimika kutambaa nalo mwendo wa punda, na mtoto akazaliwa kando ya barabara, kwenye vumbi, muuguzi aliyefuatana nao akihangaika na kanga yake mwenyewe. Wote wawili walipona. Sikushukuru kwanza, mwanangu. Nilikasirika kwanza.

Nachuro alinipigia simu akilia, akaniambia wanamfukuza kazi. Nikapanda gari la asubuhi kwenda Kakuma.

Lazima ujue kwa nini lilinichoma hivyo. Nilipokuwa msichana nikijifunza kuendesha pikapu ya mizigo kati ya Lodwar na Lokichar, nayo ilitetemeka, na wanaume wote stendi walicheka wakasema ni miguu yangu inayotetemeka. Mzee Lomuria, aliyekuwa akinifundisha, hakucheka. Aliwakemea mpaka wakatazama chini. Akasema, "Gari likitetemeka usiulize nani anaendesha. Uliza linatetemeka wakati gani." Kisha akaingia, akakaa kando yangu, tukaenda.

Nilimkuta Ekidor uani mwa zahanati pamoja na mkuu, ameitwa kuthibitisha kosa la Nachuro. Tukasalimiana, ejok, ejok, nikamuuliza ameona nini.

"Mama, gari ya umeme haina injini," akasema. "Itatetemeka na nini? Huyu anakanyaga sana."

Nikamuuliza kama amewahi kuliendesha likiwa na watu ndani. Akasema alilijaribu pale gereji. Gereji, mwanangu! Likiwa tupu, kwenye kiwanja!

Nikawaingiza wote, Nachuro kwenye usukani, Ekidor mbele, mimi na mkuu nyuma, na madumu ya maji juu ya mapaja yetu. Tukatoka hadi kwenye lami. Nikamwambia Nachuro akanyage. Sakafu ikatetema mpaka meno yakagongana. Nikamwambia aachilie. Kimya. Akanyage tena, ikatetema, aachilie, kimya, na mwendo ulikuwa karibu uleule. Tairi ingekuwa mbaya ingeendelea kutikisika hata mguu ukiondoka. Hii ilikuja na nguvu ya mota na kuondoka nayo.

Tulirudi, tukalizima kabisa gari, nikawaonya wasiguse zile nyaya nene za rangi ya chungwa zinazobeba umeme mkali wa betri, tukalipiga jeki. Ekidor akaingia chini mwenyewe. Akashika shafti, ile nondo inayopeleka nguvu ya mota kwenye gurudumu, akaitikisa. Ikagonga. Kifuko cha raba kwenye kiungo cha upande wa mota kilikuwa kimechanika, grisi imetoka yote, ndani mchanga mtupu. Mota ya umeme haiongezi nguvu polepole, inasukuma mara moja, na kila safari ilikuwa ikisaga chuma juu ya mchanga.

Unadhani waliomba radhi? Ekidor akasema atatia grisi, afunge kile kifuko kwa kamba ya mpira, litumike wakati shafti ikisubiriwa kutoka Nairobi. Mkuu akaitikia. Hapo nilichomoa ufunguo mkononi mwa Nachuro.

"Mkeo akishikwa na uchungu, utampakia humu?" nikamuuliza Ekidor.

Nikamgeukia mkuu nikamuuliza yeye pia. Wakakodi gari lingine.

Shafti ilikuja kwa basi kupitia Kitale. Ekidor aliifunga kwa makini, sitamnyima haki yake, akakagua na ile ya upande wa pili, akakaza na boliti za kushikilia mota. Tukapakia madumu, Nachuro akakanyaga hadi mwisho. Gari likaenda kama linateleza. Akasimamisha pembeni, akainamia usukani, akalia, na safari hii nilimwacha alie. Kazi yake alibaki nayo. Neno la samahani hajaambiwa mpaka leo, na ndiyo maana bado nina hasira.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayejifunza ufundi. Dereva akikwambia gari linatetemeka, mwamini kwanza, kisha panda naye, na mzigo uleule, njia ileile. Usibadilishe kitu ambacho huna sababu ya kukishuku. Usimrudishie mtu gari ambalo wewe mwenyewe ungeogopa kumpakia mama yako. Na wewe dereva, wakikuziba mdomo, kataa ufunguo hata ukiogopa. Ni afadhali wakukasirikie wewe kuliko kumzika abiria.

Akuj, Mungu wetu, akupe mikono inayotulia na moyo usiodharau. Laga, yale makorongo ya mafuriko, zikupishe ukifika, na kila utakayempakia afike kwake akiwa hai.