Watoto wa Saa Sita

Pudentienne hayupo tena. Mwaka wa tisini na nne, ule wa mauaji, ulimchukua kama ulivyowachukua wengi, na aliyemzika simjui. Basi nitaandika ya kabla ya hapo. Si haki mtu akumbukwe kwa siku yake ya mwisho tu, wakati alikuwa na siku nyingine, zenye moshi wa jikoni na kelele za watoto.

Alikaa Gatsata, juu ya bonde la Nyabugogo, kando ya ile barabara inayopanda kwenda Byumba. Tangu asubuhi ulisikia nyundo za magereji. Mimi nilikuwa nikizunguka na kazi yangu ya kutengeneza miavuli, na kwake nilipumzika, maana alikuwa na benchi, na maji ya kunywa, na masikio yasiyochoka. Alikuwa mjane, mnene, mwenye kucheka. Alikuwa amewapikia masista miaka mingi, kwa hiyo chungu kidogo kilimshinda kabisa. Akipikia watu wawili, wangekula kumi. Tulimtania sana kwa hilo.

Wakati huo madarasa ya chini yalisoma kwa zamu. Watoto wa asubuhi walitoka saa sita, na saa sita wazazi wako sokoni, au mjini wanafua nguo za watu, au wamelala chini ya magari wakifungua boliti. Mtoto afanyweje? Wengi walifungiwa ndani kwa kufuli mpaka jioni. Siku moja Pudentienne alimsikia mtoto wa jirani akiimba nyuma ya mlango uliofungwa, wimbo uleule, mchana kutwa. Jioni akamwambia mama yake, "Kuanzia kesho ufunguo nitakaa nao mimi." Kesho yake akaletewa na ufunguo wa nyumba ya pili. Haukupita muda, ua ukajaa.

Hakutoza mtu kitu. Mwenye maharage alileta maharage, mwenye makaa alileta makaa, asiye na kitu alileta mtoto. Vyote viliingia chungu kimoja, vikatoka makande, yale yanayoitwa huku impungure, yakamwagwa kwenye ungo mpana, na watoto wakala kwa mkono. Ukiwatazama usingejua wa nani kaleta nini. Baada ya kula walirudia masomo kwa mkaa ukutani, waliochoka wakalala kwenye mkeka.

Kisha vikaja vita vya Oktoba tisini, na mambo yakabana. Watu kukusanyika kukataka ruhusa. Konseye wa sekta, mkubwa wetu wa mtaa, akaja uani.

"Mama, huu ni mkutano."

"Mkutano wa nini, bwana? Wa makamasi?"

Watu tulicheka. Konseye naye alicheka kidogo, halafu akaacha. Hakuwa mtu mbaya. Akaeleza kwamba komini, ndiyo serikali ya hapa kwetu, imeanza kuzisaidia nyua za namna hii, zile zinazolea watoto baada ya shule. Ukikubaliwa unapewa ruhusa, na kila mwezi unaletewa mahindi na mafuta kutoka kodi ya wananchi. Lakini lazima pawe na choo cha kufaa, paa la kivuli, maji safi, na mtu wa komini awe anakuja kukagua. Asiyekubaliwa, ua wake utafungwa.

"Serikali haiwezi kutoa mahindi bila kuangalia yanaingia mdomo gani," alisema.

Pudentienne alifurahi, na sisi tulifurahi. Wazazi walikuwa wameanza kuleta kidogo, na siku nyingine makande yalikuwa maji zaidi. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, wanaume wa magereji wakamchimbia choo. Mabati ya paa sijui waliyatoa wapi, na hakuna aliyeuliza. Ruhusa ya muda ikaja, na mahindi yakaja. Ya kudumu ingetolewa baada ya ukaguzi.

Mwanzo wa mwaka wa tisini na tatu vita vilisukuma watu wengi kutoka kaskazini, upande wa Byumba, wakashuka kwa barabara ile ile na magodoro kichwani. Wengi walibaki kwenye kambi ya wakimbizi huko juu. Bibi mmoja, Daphrose, alikataa kambi. Mume wake alifia huko kwa kuhara damu, na yeye akashuka na mjukuu wake hadi Gatsata, wakapewa kibanda cha kuwekea matairi nyuma ya gereji. Mjukuu aliitwa Illuminée. Mchana mmoja alisimama kwenye lango la ua, akitazama wenzake wakila.

Pudentienne akamwita, "Unangoja kadi ya harusi? Ingia, wewe!"

Akaingia. Baadaye waliingia na wengine watatu wa kutoka kule.

Sasa, Pudentienne alikuwa na sheria zake za adabu. Mgeni akifika, mtoto hakai tu. Anasimama, anashika mkono kwa mikono miwili, anajitaja: jina lake, jina la baba yake, na mlima wa kwao. Ndivyo sisi tulivyolelewa. "Asiyeweza kujitaja," alisema, "ni mbuzi aliyekatika kamba." Watoto wengi walimung'unya maneno kwa aibu. Illuminée hakumung'unya. Alijitaja kwa sauti wazi mpaka kwa babu, kama mtu mzima kwenye posa. Pudentienne alimpenda kwa hilo, na siku ya ukaguzi ilipotangazwa alimchagua yeye awasalimie wageni kwa niaba ya wote. Alimfulia gauni, akamsuka.

Mkaguzi aliitwa Eustache, kijana wa miwani na viatu vilivyojaa vumbi la barabara. Alikuja na konseye. Akaangalia maji, akaangalia paa, akaingia chooni na kutoka akicheka.

"Mama, choo hiki ni kizuri kushinda cha ofisi yetu!"

"Basi hamieni hapa, tutawapa na makande."

Ilikuwa inakwenda vizuri hivyo. Watoto wakapangwa, na Illuminée akatoka mbele, akamshika Eustache mkono kwa mikono miwili.

"Mimi ni Illuminée, binti ya Mutsinzi, mwana wa Ndagije. Kwetu ni mlima wa Kinihira, Byumba. Karibuni."

Konseye akakohoa. Eustache akauliza pole pole, "Byumba?"

Mtoto akadhani hajasikia vizuri. Akajitaja tena, kwa sauti zaidi, mpaka fundi aliyekuwa ng'ambo ya barabara akasimamisha nyundo.

Walimwita Pudentienne pembeni, karibu na benchi nilipokuwa na mwavuli wa mtu mapajani.

"Wako wangapi wa hivyo, Mama?" akauliza Eustache.

"Wa vipi?"

"Wa kutoka kule."

"Wanne."

"Wana mgao wao kambini."

"Huyu bibi yake hataki kambi. Mume wake alifia huko."

Eustache akavua miwani, akaifuta. "Sheria inasema mahindi ya komini ni ya watoto wa komini. Ningekuwa peke yangu, leo ningekuwa kiziwi. Lakini sikuja peke yangu."

"Usinitazame mimi," konseye akasema. "Nimesikia. Nikinyamaza, kuna wengine waliosikia. Huu ni wakati wa vita, Mama. Ua wenye watoto wasiojulikana unafungwa."

"Hawajulikani? Si amekutajia mpaka babu yake?"

"Ndiyo shida yenyewe. Amenitajia."

Pudentienne akageuka kutazama chungu. "Nitawatenga vipi? Mahindi ni yenu, maharage ni ya majirani, yameshaiva pamoja."

"Pika vyungu viwili," Eustache akasema. "Cha komini mbali. Hao wanne uwape cha kwako, wakae mbali kidogo, ili mtu akija aone kwa macho. Hivyo nitaandika kwamba umefuata."

Nilidhani atakataa. Hakukataa. Alitazama wale watoto waliojipanga, wote wale waliokuwa wakifungiwa ndani, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Sawa." Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kwake.

Kesho yake nilikuwapo. Alipika vyungu viwili. Kile cha wanne alikipika kwa viazi vitamu vyake na karanga alizozisaga mwenyewe, na kwa kuwa hakujua kupika kidogo, kilijaa pomoni. Nafikiri alitaka kuponya kwa karanga. Akawawekea ungo mwingine chini ya mparachichi, akawaketisha, akawaambia kuleni wanangu. Watoto wengine waliacha kula wakawatazama. Mmoja, Évode, mtoto wa fundi wa breki, akapiga kelele:

"Nyinyi wa Byumba mnapikiwa kama wagonjwa! Mtatuambukiza nini?"

Wakacheka, wale waliokuwa wakilala na hao wanne mkeka mmoja. Pudentienne alimnyamazisha kwa ukali, lakini kicheko kikishatoka hakirudi. Illuminée alikula matonge machache. Akanawa, akamshukuru Pudentienne kwa mikono miwili, akaondoka taratibu. Hakurudi. Wale watatu walimfuata kabla ya Jumapili.

Ruhusa ya kudumu ikaja, na mahindi yakaja kwa wakati. Pudentienne akapika, akacheka na watoto pale ilipobidi. Ila alipomaliza kupakua alitazama lango. Siku moja asubuhi aliniambia, "Muzehe, nisindikize," tukaenda mpaka kibanda cha matairi. Daphrose alikuwa mlangoni, miguu imemvimba.

"Yuko kwenye kizuizi, anauza mahindi ya kuchemsha," alisema. Hakutukaribisha ndani, wala hakutufukuza.

Kizuizi cha askari kilikuwa juu kidogo, na malori yalipanga mstari pale yakingoja kukaguliwa. Tulimkuta Illuminée amekaa ukingoni mwa barabara, beseni mbele yake limefunikwa kwa jani la mgomba. Alisimama, akamsalimu Pudentienne kama alivyofundishwa.

"Nimekuja kukuchukua," Pudentienne akasema.

"Hapana, mukecuru." Mukecuru ni bibi mzee, neno la heshima. "Nikija watakufungia ua."

"Nani alikuambia?"

"Nilisikia wakisema. Hata wewe ulisikia."

"Tutakula wawili tu, jikoni, kabla wenzako hawajatoka shule. Hakuna atakayeona."

Mtoto akafikiri. Niliona kwamba anafikiri kweli, na kwamba ana njaa.

"Nikiulizwa kwetu ni wapi, nitasemaje?"

Akamngoja Pudentienne amwambie. Nilimngoja na mimi. Angeweza kumwambia, sema ni hapa. Neno lenyewe fupi. Lakini ni yeye aliyemfundisha kusimama wima na kulitaja la kweli.

Chini, malori mawili yalikuwa yanapanda kwa gia ndogo. Illuminée akageuka haraka, akainama kushika beseni. Lilikuwa zito, limejaa mahindi, na maji ya moto chini.

"Nitwike, mukecuru. Wanakuja."

 Pudentienne akainama, akalinyanyua lile beseni, akamtwika kichwani, akamrekebishia ngata iliyokuwa imekaa upande. Mtoto akaenda mbio ndogo kando ya lori, mkono mmoja juu.

Tukashuka kurudi uani. Jua lilikuwa limeshafika katikati, na shuleni kengele ya saa sita ilikuwa karibu kulia.