Kura ya Pili

Zamani, ukitaka kuingia ngomeni kwetu, hukuenda moja kwa moja kilimani. Ulikwenda kwanza kwa Roswitha Thiesen, nyumba ya pili nyuma ya kanisa, ukagonga dirisha la jikoni. Alifungua, na kabla hajakuitikia salamu alitazama miguu yako. Kama umevaa ndala, umekwisha.

"Nenda kavae viatu vya watu wazima, halafu urudi tuongee."

Alimrudisha hivyo profesa mmoja wa Heidelberg, mbele ya mke wake. Profesa alikwenda dukani, akanunua viatu, akarudi na kupanda kilima nyuma yake kimya kimya. Waliposhuka alimshukuru kana kwamba amepewa zawadi.

Roswitha alikuwa karani wa posta, na mumewe, Alwin, alikuwa mwashi. Jumamosi za kiangazi Alwin alijitolea kuziba nyufa za mnara, na Jumamosi moja alianguka kutoka jukwaa la waashi. Akafa siku ya tatu. Tulidhani mkewe hatakanyaga tena kule juu. Wiki moja baada ya mazishi alikwenda kwa mwenyekiti wa chama akamwambia, "Nipeni ufunguo wa lango. Mume wangu yuko kule zaidi kuliko alivyo makaburini." Akapewa, akakaa nao miaka thelathini na mmoja. Kila mgeni aliyepanda naye alionyeshwa ukuta aliouziba Alwin, na hakuna aliyeambiwa kwa nini anaonyeshwa. Aliwaambia tu waweke kiganja pale na wasikie jiwe linavyoshika joto.

Mimi ni Gerold, mkulima wa mizabibu. Nimekuwa jirani yake tangu tukiwa shule moja, na nilikuwa mmoja wa wanne waliolibeba jeneza la Alwin. Nalisema hili mapema ili ujue nani anazungumza nawe.

Ngome yetu si ya serikali wala ya tajiri. Ni ya chama, na chama ni sisi wenyewe: muuza mikate, wazima moto, wapiga tarumbeta wa bendi, wajane, wakulima. Basi akatokea bwana mmoja mwenye mahoteli, Hasselbrink, shati jeupe, meno meupe zaidi. Alitaka kuikodi ngome kwa miaka tisini na tisa. Angejenga vyumba ishirini ndani ya magofu, mkahawa juu ya mto, bwawa la kuogelea mahali pa zizi la zamani. Lango lingefunguliwa kwa wageni wa hoteli peke yao. Meya wetu, Eckart, alimtembeza mjini amemshika bega kama bwana harusi.

Roswitha hakupiga kelele. Alivaa koti lake la buluu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila mahali alikaribishwa, akawekewa kahawa, akapewa neno. Hiltrud wa duka la mikate alilia kabisa. "Roswitha, dada yangu, kule ndiko nilikoposwa! Niipige kura ya kuufunga mlango wa mahali nilipoposwa?" Mkuu wa bendi alisema wataipiga kura hiyo juu ya maiti yake. Alipofika kwangu nilimmiminia glasi, nikaweka mkono juu ya pipa.

"Nikikugeuka wewe, Roswitha, mvinyo wangu wote ugeuke siki."

"Acha kuapa hovyo, mzee," alisema, lakini alicheka, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo.

Wakati huo nilikuwa nasema kweli. Wiki mbili baadaye Hasselbrink alikuja kuonja mvinyo. Akauliza habari za watoto. Nikamwambia binti yangu, Ilka, ni meneja msaidizi wa hoteli Stuttgart, namwona Krismasi tu, na mjukuu wangu ananiita "yule babu wa zabibu". Akaweka glasi chini. "Nitahitaji meneja hapa," alisema. "Mtu wa hapahapa ndiye bora." Hakuongeza neno, na mimi sikuongeza. Usinione kama mtu aliyehongwa pesa. Nilimuuza rafiki yangu kwa sababu nilimtaka mwanangu, nikajidanganya kwamba hiyo ina heshima kidogo.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa wazima moto. Tulikuwa arobaini na sita. Sisi, tangu chama kiwepo, hupiga kura kwa kuinua mikono, na hapa kwetu mkono ukishainuliwa hausahauliki. Bado kuna familia hazisalimiani kwa ajili ya kura ya mwaka wa sabini na nne, iliyohusu rangi ya sare za bendi.

Meya aliongea nusu saa. Hasselbrink alionyesha picha. Kisha mwenyekiti akasema, "Haya, wanaokubali, mikono juu," na Roswitha akasimama.

"Naomba kura ya siri."

Kanuni zinasema mwanachama mmoja tu akiomba, inakuwa hivyo. Ukumbi ukanong'ona. Meya akafinya midomo. Roswitha akaketi, akaniegemea. Nywele zake zilinukia sabuni ya lavenda.

"Wanamwogopa Eckart," alininong'oneza. "Huyu kapangishiwa na manispaa, yule mtoto wake kaajiriwa pale. Mbele yake hawataweza. Kwenye karatasi watakuwa huru, maskini wa Mungu."

Nataka hilo lieleweke. Aliiomba kura ya siri kwa kutuhurumia. Lau tungeinua mikono, nani angeuinua wa kwake mbele ya macho ya Roswitha? Hiltrud? Mkuu wa bendi? Mimi niliyekuwa nimekaa bega kwa bega naye? Tungekaa na mikono mapajani tukiona haya, na ngome ingepona. Alitupatia karatasi na kalamu, akatufungulia mlango wa kutokea.

Niliikinga karatasi yangu kwa kiganja, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu, nikaandika "Ndiyo". Karatasi zilikusanywa katika kofia ya mkuu wa bendi. Mwalimu mkuu akazihesabu kwenye meza ya bia, akainua kichwa, akazihesabu tena bila kuambiwa.

"Ndiyo, arobaini na nne," alisema. "Hapana, mbili."

Hakuna aliyepiga makofi. Hata Hasselbrink aliyetaka kupiga aliona nyuso akaacha. Roswitha alibaki ameikodolea macho meza. Nilimsikia akijiambia polepole, "Yangu, na moja." Kisha akageuka, akatutazama mstari kwa mstari, na kila aliyefikiwa na macho yake alitazama kitu kingine. Mimi nilitazama viatu vyangu. Akachukua mwavuli wake akatoka.

Sasa sikiliza watu walivyo. Jumatatu asubuhi Hiltrud alimpelekea keki ya plamu. Akamshika mikono jikoni. "Ile kura ya pili ilikuwa yangu." Roswitha akamkumbatia, wakalia wote wawili. Mchana akaja mkuu wa bendi na soseji. Ile kura ya pili ilikuwa yake. Jioni akaja mke wa mwenyekiti. Yake. Jumanne wakaja watatu. Mpaka Alhamisi, watu wanane walikuwa wamekaa kwenye kiti kilekile wakadai karatasi ileile moja, na mezani hapakuwa na nafasi ya kuweka kikombe kwa wingi wa keki.

Haya nilisimuliwa na watu wengine, kwa sababu mimi sikwenda. Nilichukua mkasi wa kupogolea nikaenda kwenye mizabibu ya mbali kabisa, ambayo wakati ule haikuwa na haja ya kuguswa. Niliona haya, basi. Uongo wa karatasi niliumudu, ila wa ana kwa ana jikoni kwa Alwin ulinishinda. Nikajiona nina uungwana kuliko wale wanane.

Nilimpigia Ilka simu kumpa habari njema.

"Baba, nani alikwambia nataka kurudi?" aliuliza.

"Lakini ungekuwa meneja kamili, mwanangu. Hapa nyumbani."

"Mimi nilikaa huko miaka kumi na tisa nikihesabu siku za kuondoka. Umeenda kuahidi nini wewe?"

Nikasema sikuahidi kitu. Huo nao ulikuwa uongo, au karibu na uongo.

Baada ya majuma matatu wajenzi walizungusha uzio kilimani na kubadilisha kufuli la lango. Jumapili hiyo kulikuwa na kundi lililokuwa limeandikishwa tangu majira ya baridi: Waholanzi kumi na wawili wa baiskeli na dada wawili wa Trier. Tulidhani Roswitha atawarudisha. Alitoka kwake na koti la buluu, akakagua viatu vyao mmoja mmoja, akasema kwa sauti ya kufika mpaka sokoni:

"Ngome imefungwa. Haidhuru, sehemu kubwa haiko kule juu. Nifuateni."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo sisi hatulisemi. Mwaka wa njaa, zaidi ya karne mbili zilizopita, mababu zetu walipanda na mikokoteni ya ng'ombe wakaibomoa ngome jiwe kwa jiwe. Walijengea kuta, vyoo, mazizi. Mashairi yetu ya sikukuu yanasema Wafaransa ndio walioiangusha, na watoto wanafundishwa hivyo. Alwin, aliyekarabati nyumba zote hizi, aliyajua mawe kwa alama za waashi wa kale, na mkewe aliyajua kwa Alwin. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwaficha wageni jambo hilo. Alitusitiri.

Alianza nyumbani kwa meya. "Ngazi hizi ni za mnara. Geuzeni macho, mtaona zimelika kwa miguu ya askari. Babu yake alizing'oa askari walipoondoka, shujaa yule." Dirisha la mwenyekiti lilitoka kwenye chumba cha bibi mwenye ngome. Kizingiti cha mkuu wa bendi kilikuwa jiwe la kaburi, na upande wa chini bado lina jina. Waholanzi walipiga picha. Mapazia yalisogea mtaa mzima. Mkuu wa bendi alitoka na suruali ya kulalia.

"Roswitha, una wazimu? Mbele ya wageni!"

"Nawaonyesha historia, ndugu yangu. Si ulisema wageni ndio riziki yetu?"

Kwa Hiltrud, tanuri lote la mikate lilikuwa limejengwa kwa mawe ya kanisa dogo la ngomeni. Hiltrud alisimama mlangoni na unga mikononi, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilikupigia kura," alisema. "Roswitha, nakuapia kwa mama yangu. Mimi nilikupigia."

"Nyote mlinipigia, mpenzi. Sijui kwa nini nimeshindwa."

 Hiltrud alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, na safari hii hakulia. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake. Watu wanaodanganya hukasirika wanapofichuliwa, kama alivyokasirika mkuu wa bendi. Yeye alinywea tu. Hapo ndipo nilipojua kura ya pili ilikuwa ya nani.

Nyumba iliyofuata ni yangu. Juu ya mlango wa ghala langu la mvinyo kuna jiwe la kanisa hilohilo, limechongwa tai mwenye mabawa wazi. Ni jiwe zuri kuliko yote mjini, na watalii huwa nawaambia tumelinunua. Nilikwenda nikasimama chini yake nikingoja zamu yangu. Naapa nilikuwa nataka anitaje. Nilikuwa nimekwisha kuweka maneno mdomoni: ndiyo, tuliliiba, na wewe pia nilikuibia, nilikuwa nimekaa karibu nawe nikaandika ndiyo.

Roswitha alisimama mbele yangu. Alilitazama lile jiwe, akawageukia wageni.

"Nyumba hii tunaipita," alisema. "Hapa anakaa rafiki yangu."

Mholanzi mmoja alinyoosha kidole kwenye tai. Roswitha akatikisa kichwa, akanisogelea, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sauti yake ilishuka, lakini mtaa ulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Wanane wamekuja jikoni kwangu kudai ile kura. Wewe hukuja. Nikajua hapohapo. Mwenye kutenda kweli hana haja ya kuja kujisemea."

Ng'ambo ya barabara, Hiltrud alikuwa bado yuko mlangoni kwake. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Waholanzi walingoja, dada wa Trier walitabasamu, mikono ya Roswitha ilikuwa na joto. Nikafungua mdomo.

"Kwani kulikuwa na haja, Roswitha?" nilisema.

Akanipigapiga shavuni, akawaongoza wageni kuelekea mtoni. Hiltrud aliingia ndani.

Asubuhi yake nilikwenda kununua mikate kama kawaida, kwa sababu ningeacha kwenda watu wangeuliza. Hiltrud alinifungia minne, akaiweka juu ya kaunta, akapokea sarafu.  Huu ni mwaka wa sita, na kila asubuhi ananifungia minne, na ile kura hajaitaja.