Sailensa ya Lori la Kaka Kamugisha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nisikiapo gari likinguruma kwa kusitasita. Nilikuwa kijana, dereva wa lori la kaka yangu Kamugisha, lori kuukuu la petroli, la kabureta. Tulikuwa tukisomba ndizi kutoka Kamuli kwenda sokoni Nkwenda. Kaka hakujua kuendesha. Alijua kilimo, na mimi aliniamini.

Wiki ile lori lilianza kukosa sailensa, ule mngurumo wa chini wa injini isipokanyagwa mafuta. Ukitoa tu mguu kwenye mafuta, injini inatetemeka, inazima. Nikasafisha plagi. Nikafungua kabureta, nikaiosha, nikairudisha. Wapi.

Mzee Nahimana alikuwa akitupalilia kahawa. Alitoka Burundi miaka mingi nyuma, na watu walisema huko aliwahi kuwa fundi wa malori. Mimi nilimwona na jembe tu. Asubuhi ya soko, mikungu imeshapakiwa, alisimama kando ya lori akasikiliza. Akaniomba nikanyage breki. Nilipokanyaga, mngurumo ukayumba, injini ikataka kuzima.

“Kijana, kabureta haina kosa,” akasema. “Injini inavuta hewa ya wizi. Ufuate ule mpira unaokwenda kwenye breki. Huo ndio unaousaidia mguu wako kusimamisha mzigo.”

Aliomba nimwachie lori hadi mchana alikague. Nilimjibu maneno yanayonichoma mpaka leo: arudi kwenye kahawa, ndiyo anayoijua. Hata shikamoo sikuwa nimempa asubuhi ile, mtu wa umri wa baba yangu. Hakubishana, akaenda zake. Nikachukua bisibisi, nikakaza skrubu ya sailensa mpaka injini ikanguruma bila kuzima. Kaka alipopanda akauliza kama limepona. Nikamwambia limepona.

Kwenye mteremko wa kuingia Nkwenda, nilikanyaga breki nikaikuta ngumu kama jiwe. Mzigo unatusukuma, na injini niliyoipandisha mwenyewe nayo inasukuma. Nikajaribu kurudisha gia, ikagoma. Mbele kulikuwa na akina mama na mizigo yao barabarani. Nikalielekeza lori kwenye kibanja cha watu. Migomba ililala, lori likasimama, lakini ubavu wa lori alikokaa kaka uligonga ukingo wa udongo, mguu wake ukabanwa.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikusikia mimi, mwanangu, likavunjika guu la kaka yangu.

Ule mpira wa breki aliousema mzee tuliukuta umepasuka, ufa wa kuingia ncha ya kidole. Kaka alitembea na gongo tangu hapo. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba breki ziligoma, na mdogo wake akaokoa watu kwa kuingia migombani. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikisifiwa, nimenyamaza. Mzee Nahimana alihama msimu ule. Sikumfuata kumwomba radhi. Nilisema nitamtafuta, nitamtafuta, hadi nikasikia amefariki.

Kaka naye nilipanga kumwambia. Kila Krismasi nilipanga. Mwaka jana, wakati wa mavuno ya kahawa, tukamzika. Baada ya matanga nikamfuata shemeji jikoni, nikamweleza yote, nikilia, mzee mzima mimi. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Alijua, shemeji,” akaniambia. “Mzee Nahimana alikuja kumwona hospitali, akamwambia. Kaka yako alikuwa anakungoja wewe.”

Mwanangu, chombo kikikulalamikia, tafuta kinachokiuma; usikikazie skrubu kinyamaze. Usimpime mtu kwa kilichoko mkononi mwake, maana hujui mikono hiyo ilishika nini kabla hujazaliwa. Majuto ni mjukuu, nami wangu ninaye nyumbani, nalala naye, naamka naye. Basi kama kuna mtu unadaiwa ukweli naye, na bado anapumua, nenda leo. Usingoje upate maneno mazuri. Mabaya yanatosha, ili mradi yamfikie angali anasikia.

Mungu akujalie sikio jepesi na moyo usioona haya kukiri. Wakubwa wako wakutazame kwa furaha, nawe uzeeke huna mtu uliyechelewa kumwomba msamaha.